Green tea ilishusha cholesterol ya baba, halafu kamati ya chai ikaja nyumbani

Wakuu, muga sana, ndiyo salamu yetu Wameru.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa napita tu. Lakini leo nimekutana na uzi wa jamaa anayeuza pakiti za green tea, ameandika kwa herufi kubwa kwamba "inayeyusha cholesterol yote, tupa dawa zako". Nikaweka simu chini, nikazunguka uani kidogo, nikarudi. Nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekosea.

Haya nitakayosema niliyaona nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu. Sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari alitukataza.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Mimi nilikuwa nafundisha biology kwenye shule moja ya sekondari nje ya Siakago, kule chini kwa Wambeere kwenye joto na vumbi. Nyumbani kwetu ni juu ya Maua, upande wa baridi, ambako ukiangalia mlima wote ni chai.

Watu wa nje wakisikia Maua wanawaza miraa tu. Iko, na ndiyo kubwa. Lakini baba yangu, Mzee Karuti, hakuwa mtu wa miraa. Alikuwa mtu wa chai. Aliipanda akiwa kijana, akaipalilia, akanisomeshea nayo mimi na dada zangu.

Mzee alikuwa mrefu, mwembamba kama fito. Kumbukeni huo wembamba, maana ndio uliotudanganya wote.

Siku moja akipandisha kilima na kikapu cha majani mgongoni, akashikwa na kifua. Akaketi chini palepale kwenye mstari wa chai, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi. Mama akapiga nduru.

Aliyefika kwanza ni jirani yetu, Baba Kendi. Huyu alikuwa na pickup ya kubebea miraa, na alikuwa mwanakamati wa kituo cha kununulia chai, pale ambapo lori la kiwanda huchukua majani ya wakulima. Alikuwa rafiki wa baba tangu utotoni, kanisa moja, karibu kiti kimoja. Akamwinua mzee na mikono yake, akamlaza nyuma kwenye pickup, akaendesha vile wanavyoendesha wakikimbiza miraa Nairobi. Hospitalini wakasema angechelewa kidogo tu tungempoteza.

Hilo naliandika mapema kwa sababu ni haki yake. Mengine yanakuja.

Nilipopata ruhusa nikapanda nyumbani. Daktari alikuwa mama mmoja wa pwani, Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka baba alikuwa anamsikiliza kama redio. Akatuketisha.

"Mzee, presha yako iko juu. Na damu tuliyoipima ina mafuta mengi, tunayaita cholesterol. Yanaganda kwenye mishipa kama yanavyoganda kwenye sufuria ya nyama asubuhi."

Baba akajiangalia mikono, akacheka.

"Daktari, niangalie vizuri. Hayo mafuta yamekaa wapi?"

"Wembamba si cheti, mzee. Unapenda nyama?"

Mama akajibu kabla yake. "Mbuzi. Na lazima iwe yenye mafuta. Na mboga akiona hazing'ai anasema zimechemshwa tu."

Basi akapewa tembe za presha na nyingine ya kuzuia damu isigande, za kila siku, bila kuruka. Dawa ya cholesterol yenyewe wakati huo haikuwa kitu cha watu wa kawaida. Akaambiwa apunguze mafuta, apunguze chumvi, aachane na mafuta yale meupe ya mkebe, kisha arudi kupimwa.

Nikarudi Siakago na mawazo.

Sasa pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, alikuwa anafundisha hesabu. Tulimwita Mwalimu Kenji. Kijana mpole, Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni, anakiongea polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilipomweleza habari ya mzee, akafungua droo yake, akatoa mkebe mdogo. Ndani kulikuwa na majani makavu ya kijani.

"Nyumbani kwako ni chai, chai, chai," akasema. "Na hii hujui?"

Wakuu, nilikuwa nimekulia ndani ya chai na nilikuwa sijawahi kuona chai ya kijani. Mimi nilijua majani ni meusi, yanatoka dukani, yanapikwa na maziwa. Na hata hayo meusi yaliyokuwa yanafika dukani kwetu yalikuwa vumbi. Mazuri yalikuwa yanapanda meli.

Kenji akanieleza, "Mti ni moja. Chai yenu na yetu, mti moja. Ninyi mnaacha hewa inabadilisha. Sisi tunatia mvuke haraka, inabaki hivi."

Nieleze kidogo hapa kwa wasiojua, maana ndiyo biology yenyewe. Jani bichi la chai lina vitu vinaitwa catechins. Kiwandani jani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa lipigwe na hewa mpaka liwe kahawia, na sehemu kubwa ya hizo catechins hubadilika kuwa vitu vingine, ndivyo vinavyoipa chai ile rangi na ladha tunayoijua. Green tea hukaushwa kabla hayo hayajatokea, kwa hiyo catechins hubaki nyingi.

Kazi yake mwilini ni kwamba zinazuia kiasi fulani cha cholesterol kisipite tumboni kuingia kwenye damu. Na inaonekana zinasaidia ini kuvuta ile cholesterol mbaya kutoka kwenye damu. Kiasi. Inasaidia kidogo, kwa mtu anayekunywa mara kwa mara, na ambaye pia ameacha vile vinavyomletea shida.

Kenji mwenyewe alinionya. "Si dawa. Baba yangu anakunywa kila siku, na dawa ya daktari anameza kila siku."

Hayo maneno niliyabeba mpaka nyumbani, nikayatua mbele ya baba kama yalivyo.

Likizo ilipofika mimi na mama tukaanza kazi. Mama alichuma majani mawili na chipukizi, yale yale ya kupeleka kituoni, mafungu machache tu. Tukayatia mvuke kwenye sufuria, tukayasokota kwa viganja juu ya sinia, tukayakausha kwa moto mdogo. Ya kwanza yaliungua, nyumba ikanuka nyasi za kichakani. Ya pili mama akakataa nisiguse. Yeye ana mkono wa jikoni, akajua lini moto umetosha. Yakatoka mazuri, kijani kizito, yamejikunja kama kucha.

Baba akapewa kikombe. Hakuna maziwa, hakuna sukari. Akaonja. Akamwangalia mama kwa muda.

"Mama wa hawa, nimekukosea nini?"

"Kunywa."

"Hii ni maji ya kuchemshia mboga za sungura."

"Kunywa, mzee."

Akanywa. Kwetu, wakuu, kumpa mtu chai bila maziwa ni kama kumwambia aende. Mgeni akikuta unakunywa chai isiyo na maziwa atajua ng'ombe amekufa. Kwa hiyo haikuwa mchezo kwa mzee wa rika lile kuketi mbele ya nyumba yake na kikombe cha maji ya kijani. Lakini mzee akiamua kitu ameamua. Nyama ikapungua. Mafuta ya mkebe yakaondoka jikoni. Dawa alikuwa anameza, mama akimwangalia.

Aliporudi kupimwa, cholesterol ilikuwa imeshuka. Presha nayo imetulia. Daktari alifurahi mpaka akampa mkono.

Nilikuwepo, na nilimuuliza wazi kama ni ile chai. Akasema, "Inawezekana imesaidia. Lakini ameacha mafuta, anatembea, na anameza dawa. Siwezi kukwambia kipi kimefanya nini. Mzee, endelea na vyote. Umenisikia? Vyote."

Baba akaitikia kwa kichwa. Tulipotoka getini akaniambia, "Umeona chai yangu?"

Alisikia alichotaka kusikia.

Kuanzia hapo mzee akawa mhubiri wa chai. Kanisani baada ya ibada alikuwa na vipakiti vya karatasi mfukoni, anagawa. Hakuuza hata siku moja, naapa. Aliyelalamika magoti alipewa. Aliyelalamika kichwa alipewa. Mke wa Baba Kendi, ambaye alikuwa mnene na akihema njiani, alipewa wa kwanza kabisa, na Baba Kendi mwenyewe alikuwa anakuja jioni wanakunywa pamoja wakicheka ile ladha.

Watu wakampenda mzee zaidi. Na uchaguzi wa kamati ya kituo ulikuwa unakaribia. Wakulima wakaanza kusema kwamba Mzee Karuti ndiye mtu mnyoofu, asimame. Yeye hakuwa amesema atasimama. Hakukataa pia.

Nafikiri hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sina ushahidi wa kilichokuwa moyoni mwa mtu. Ninachojua ni kilichotendeka.

Mama ndiye alinisimulia, maana mimi nilikuwa Siakago. Walikuja asubuhi, majani ya mchana uliopita yakiwa kwenye sinia yanakauka. Askari wa utawala, karani wa kituo, na watu wa kamati. Baba Kendi alikuwa nyuma yao, amevaa koti la kanisani. Wakachukua masinia, wakachukua sufuria, wakachukua hata chai iliyokuwa kwenye mkebe wa mzee. Mama akauliza sufuria ina kosa gani. Wakaondoka nayo.

Shtaka lilikuwa kwamba mzee anatengeneza chai nyumbani. Kwa sheria ya wakati ule, jinsi tulivyoelezwa, majani yote ya mkulima yalitakiwa kwenda kiwandani, na kutengeneza chai nje ya kiwanda ilikuwa kosa, iwe ya kuuza au ya kunywa.

Kikaitwa kikao hapo kituoni, mbele ya wakulima wote. Hicho nilikihudhuria. Nilitoka Siakago nikafika kinaanza.

Karani akasoma kosa. Baba akasimama, akaomba kuuliza.

"Hayo majani ni ya nani?"

Karani akasema, "Yakiwa mtini ni yako, mzee. Ukishayachuma ni ya kiwanda."

"Na mtu mgonjwa?"

"Mgonjwa aende hospitali."

Watu wengine wakacheka, wengine wakaangalia chini. Baba akamgeukia Baba Kendi.

"Baba Kendi. Wewe umekunywa hiyo chai kwangu. Mke wako ameipeleka kwako. Ulikuwa hujui ni kosa?"

Baba Kendi hakuinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasoma matangazo, "Nilikunywa kama mgeni wako. Sasa naongea kama kamati."

Hiyo sentensi, wakuu, iko kichwani mwangu mpaka leo.

Wakasema majani ya Mzee Karuti yasipokelewe mpaka akubali kosa. Chai haingoji. Ukiichuma leo isipokwenda leo imekufa, na usipoichuma inakomaa inakuwa kuni. Mama alikuwa amechuma siku hiyo. Gunia likawekwa kando ya barabara, lori likapita, majani yakapata joto ndani kwa ndani mpaka ukiweka mkono unaungua, kesho yake yakawa meusi na yananuka.

Mzee alivumilia kwa muda. Mwishowe, kwa ajili ya dada yangu mdogo aliyekuwa bado shuleni, akaenda kituoni kukubali kosa. Wakamsimamisha mbele ya watu, akaapa kwamba hatatengeneza tena chai kwa mikono yake nyumbani kwake. Mtu aliyepanda chai kabla ya karani yule kuzaliwa. Hapo sikuwepo, na namshukuru Mungu sikuwepo.

Uchaguzi ulifanyika. Baba Kendi akarudi kwenye kamati. Hakuna aliyesimama dhidi yake.

Nilipofunga shule nikapanda nyumbani. Nilimkuta baba amekaa jikoni na bakuli la supu ya mbuzi, mafuta yanaelea juu kama macho. Mama alikuwa ametupa mgongo, anachochea moto. Nikamuuliza baba kuhusu dawa zake.

"Hizo niliacha zamani."

"Zamani lini?"

"Tangu ile siku daktari alinipa mkono. Nilikuwa nazimeza za nini na chai ilikuwa inafanya kazi?"

Mama akageuka. Yeye alikuwa anampa mkononi kila asubuhi, na mzee alikuwa anazitupa akifika shambani.

Nilimsihi, wakuu. Nikamweleza tena yote, mishipa, presha, vile Kenji alisema, vile daktari alisema. Nikamwambia mimi na mama tutakunywa pamoja naye chochote atakachotaka, ila ameze tembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mzazi anavyomsikiliza mtoto anayesoma shairi.

Kisha akasema, "Kitu kilichoniponya walikuja wakakichukua na askari. Hizi zingine kaa nazo wewe."

Akainua bakuli.

Nilirudi kazini nikiwa na hasira na yeye, na hasira na wao. Muhula ulikuwa haujafika mbali mwalimu mkuu akaniita kwenye simu ya ofisi. Alikuwa dada yangu. Baba alikuwa ameanguka akifunga kamba ya ng'ombe. Stroke. Upande wa kulia wote, na ulimi.

Pale hospitalini alikuwa daktari yule yule wa pwani. Alimpima, akamfunika vizuri, akatutoa nje mlangoni.

"Dawa alikuwa anameza?"

Mama akatikisa kichwa.

Daktari akashika mkono wa mama akakaa nao hivyo. Hakutugombeza. Nilitamani angetugombeza.

Mzee alirudi nyumbani akiwa hai, lakini mkono wa kuchumia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yanatoka nusu. Mama ndiye alikuwa anaelewa. Mimi nilikuwa nakisia tu.

Baba Kendi alikuja kumwona. Alikuja kama watu wanavyokuja kwa mgonjwa, na mfuko. Ndani kulikuwa na sukari na pakiti ya majani ya chai, yale ya dukani, vumbi. Sidhani alifikiria. Ndicho kinachobebwa kwa mgonjwa, akabeba.

Akaomba dua, ndefu. Baba alimwangalia wakati wote wa dua, hakufunga macho.

Mama alichukua ile pakiti, akaenda jikoni, akapika chai ya maziwa, nzito, akamletea Baba Kendi kikombe. Akasimama mbele yake.

"Baba Kendi, ile siku ya kwanza ulimbeba huyu na mikono yako ukamwokoa. Hilo sitasahau. Na lile lingine pia sitasahau. Sasa kunywa chai."

Alikunywa. Alimaliza kikombe chote. Hakurudi tena mpaka siku ya mazishi, na hapo alikaa nyuma kabisa, karibu na ua.

Ndiyo, mzee alikufa. Alidumu misimu kadhaa ya mvua, kisha stroke ya pili ikamchukua. Mama alitaka kung'oa chai yote apande ndizi. Akaambiwa hata kung'oa kunahitaji ruhusa.

Siku hizi mambo yamebadilika, nasikia. Naingia supermarket naona green tea ya milimani kwetu, kwenye boksi zuri lenye picha ya mwanamke anatabasamu na kikapu. Na jamaa wanaiuza mitandaoni kama muujiza. Hakuna askari anayewaendea.

Sasa somo, kwa wale mtakaoruka mpaka hapa.

Green tea inaweza kusaidia kushusha cholesterol, mimi sibishi, niliona kwa baba yangu ikishuka, hata kama hakuna aliyejua sehemu yake ni ipi. Lakini ni msaidizi. Mwenye presha, mwenye cholesterol, ameze dawa za daktari wake, na akitaka kuongeza green tea amwambie daktari, maana kuna dawa haipatani nazo. Zile kapsuli zake zenye nguvu nyingi msinunue kiholela, zimeshaumiza maini ya watu. Wenye upungufu wa damu msiinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Na mtu mwembamba apimwe pia.

Na usiamini kipimo kizuri mpaka ukaacha kile kilichokileta.

Hilo ni somo la kiafya. Lile lingine, la jirani na kamati, bado sijui ni somo gani. Nimejaribu kulisamehe kanisani mara nyingi, na kila nikidhani nimemaliza nakuta halijaisha.

Mimi mwenyewe nilipimwa nilipofika umri wake, nikakutwa na hiyo cholesterol. Nameza tembe yangu kila siku. Mke wangu aliwahi kuninunulia green tea, nzuri kabisa, akaniwekea mezani. Nilimwambia awape wageni.

Wakuu, ambao wazazi wenu walilima chai miaka ile, upande wetu au kule Embu, nyumbani kwenu mlikuwa mnakunywa nini? Na kama una mzee anayetupa dawa kisiri, uliongea naye vipi mpaka akakubali? Andikeni hapa chini. Mimi nilishindwa, labda mwingine alipata maneno.